Magunia Kwenye Kamba ya Mbele

"Hizo za waridi tandika kwa vitanda vya mbele tu," Hiram alisema kutoka mlangoni mwa bweni. "Huko nyuma hawafikangi."

Nalangu alipita ndani. Alikuwa na shuka kumi na mbili begani, mpya, zenye mikunjo ya dukani, na alizijua kama mtu anavyolijua gauni la harusi la jirani: huonekana siku moja, kisha hurudi sandukuni. Angezitandika asubuhi hiyo, wageni wazisifu, na jioni angezikunja kwa mistari ile ile kabla mtoto yeyote hajazilalia. Mwaka uliopita alikosea mikunjo, akagombezwa.

"Na ule mtungi?" Hiram aliuliza.

"Umeletwa. Uko ukumbini."

Mtungi wa kuzimia moto uliazimwa kila mwaka kutoka kituo cha mafuta barabarani, ukasimama ukumbini siku nzima kama mgeni wa heshima, kisha ukarudi kwao. Barua ya ukaguzi ilikuwa imefika majuma mawili kabla. Majuma mawili yanatosha kupaka chokaa, kununua mbuzi na kuwafundisha watoto arobaini na watatu wimbo wa kukaribisha. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini Nalangu hakuwahi kuona mkaguzi aliyepita mlangoni akaendelea.

Kibao cha langoni kilikuwa na jina refu la Kizungu lenye neno la tumaini katikati, lakini mtaa mzima wa Noonkopir uliyaita makao hayo ya watoto makao ya Hiram, na watu hawakukosea. Hiram alikuwa karani wa shule. Alipostaafu aligundua kuwa mtoto maskini akipigwa picha vizuri hulisha watu wazima wengi. Watoto walifundishwa kumwita Daddy, kwa sababu wafadhili walipenda kusikia hivyo.

Nalangu alifika Kitengela mwaka wa 2000, baada ya kiangazi kumaliza ng'ombe wao kule Bissil. Mumewe alibaki na fimbo na mbwa, kisha akabaki na pombe, kisha hakubaki. Yeye akachukua mwanawe Sankale, akatafuta kazi ya mikono. Kwa miaka sita sasa alikuwa amefua nguo za makao kwa maji ya kisima yenye chumvi, yanayomeza sabuni bila kutoa povu, akizianika chini ya anga inayodondosha vumbi jeupe la simiti kutoka upande wa Athi River. Hakujua kusoma. Nguo alizisoma. Zilimwambia nani ana upele, nani kachapwa mpaka kaptura ikaganda damu, nani kaanza kukua na hana wa kumwambia. Waliosoma vitabu walipita mbele ya kamba yake kila mwaka wakisema nguo ni safi.

Wageni walifika saa nne, wanne ndani ya gari moja. Mwenyekiti wao, mtu mwenye tumbo na kalamu tatu mfukoni, alisimama mbele ya watoto waliopangwa kwa urefu.

"Watoto, mnakula vizuri?"

"Ndiyooo."

"Mnalala vizuri?"

"Ndiyooo."

"Daddy anawapenda?"

Hata kuku wa Hiram wangeitikia. Nalangu aliinama kwenye karai lake akasugua soksi ambayo ilikuwa imetakata tangu jana. Ukaguzi ulichukua dakika ishirini. Mbuzi alichukua saa mbili.

Mmoja wao hakula. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga hijabu ya kahawia, jina lake Fosiya, afisa mpya wa watoto kutoka Kajiado, kwao Garissa. Hiram alimfuata na sahani.

"Kula bila wasiwasi, madam. Huyu amechinjwa na Burhan, Muislamu kama wewe."

"Asante, mkurugenzi. Nikiwa kazini sili."

"Anaringa," Hiram alimnong'onezea mpishi, kwa sauti ya kusikika. "Wamezoea nyama ya ngamia."

Nalangu hakumhurumia. Wanaokula na wasiokula, alijua, wote huandika kitu kimoja. Kweli alimwona yule mwanamke bwenini akipitisha kidole kwenye mkunjo wa shuka ya waridi, kisha akainama na kuinusa. Anadhani yuko dukani, Nalangu alijiambia. Kabla ya saa tisa gari lilikuwa limeondoka, na shuka zilirudi sandukuni.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Nalangu alikuwa anachota maji aliposikia langoni mtu anabishana na bawabu kwa upole. Alikuwa Fosiya. Hakuwa na gari wala barua. Alitembea kutoka stendi, viatu vyake vikiwa vyeupe kwa vumbi. Alimwonyesha bawabu kitambulisho chake, akaingia. Hiram alikuwa bado kwake, kwa sababu wenye makao hawalali makaoni.

Hakwenda ofisini. Alikwenda chooni kwanza, kisha jikoni, akaomba maji ya kunywa ya watoto, akanywa kwenye kikombe chao. Kisha akaja mahali pa kufulia, akasimama, akasalimu kwa Kimaa kama anavyosalimu mtu aliyejifunza kwa bidii.

"Takwenya, mama."

"Iko," Nalangu alijibu, bila kuinua macho. Alikuwa anahangaika na blanketi zito lililolowa. Blanketi halikamuliwi na mtu mmoja. Fosiya alikunja mikono ya nguo yake, akashika pembe mbili, wakaanza kulisokota, kila mmoja upande wake, maji yakichuruzika kati yao.

"Umerudi kufanya nini?" Nalangu aliuliza. "Si mliandika? Si mlikula?"

"Wale wengine walikula."

"Ni sawa tu. Nyinyi wakaguzi ni kama mvua ya huku. Inatishia, watu wanatoa ndoo, halafu inapita inaenda kunyesha Ngong."

Fosiya alicheka kidogo, akaendelea kusokota. "Hizo shuka za waridi hazijalaliwa na mtu," alisema. "Zilikuwa zinanuka duka."

"Kama unajua, unaniuliza nini?"

"Sijakuuliza kitu, mama."

Ilikuwa kweli, na ilimkera Nalangu zaidi. Alikuwa amejiandaa kukataa. Maana aliwahi kusema. Mwaka wa 2003, mkaguzi mmoja kijana alimwambia asiogope, kila neno ni siri. Nalangu akamwambia: wako watoto saba wanaokojoa kitandani, magodoro ni ya wafadhili na Hiram hataki yanuke, kwa hiyo saa kumi wanakatazwa maji, na jua likizama wanatolewa bwenini, wanafungiwa ndani ya stoo ile nyuma ya banda la kuku, wanalala juu ya magunia. Kijana aliandika yote. Akanywa soda. Na akiagana na Hiram langoni, akasema akicheka, "Mama yako wa kufua ako na maneno mingi."

Hiram hakumfukuza. Alifanya jambo baya kuliko hilo. Alimwita ofisini, akatoa ufunguo wa stoo mezani. "Kwa vile unawaonea huruma sana, Mama Sankale, kuanzia leo wewe ndiye utakuwa unawafungia. Bawabu atafungua asubuhi na wake." Na Nalangu, mwenye mtoto shuleni na chumba cha kupanga, aliuchukua. Kwa miaka mitatu alizungusha ufunguo huo kila machweo kabla ya kwenda kwake. Aliuvaa shingoni, chini ya shanga, kwa kuona aibu kuuweka mahali unapoonekana. Wakaguzi aliwadharau, Hiram alimdharau, na aliyebaki wa kudharauliwa alimwona kila asubuhi ndani ya maji ya karai kabla hajatia sabuni.

"Mama," Fosiya alisema, wakilibwaga blanketi kwenye beseni, "usiniambie kitu ambacho wewe peke yako ndiye unajua. Ukiniambia, watajua ni wewe, na mimi jioni nitakuwa Kajiado. Kama kuna kitu, kiwe mahali ningeweza kukiona hata kama hungekuwa hapa."

Nalangu alimtazama kwa mara ya kwanza. Mwanamke yule alikuwa na mikono yenye alama za kazi. Hakuwa amesema usiogope.

"Nitakuwa na watoto mpaka saa nne," Fosiya aliongeza. "Halafu nitazunguka nje."

Akaenda. Nalangu alibaki na nguo zake. Magunia saba yalikuwa yamerundikwa nyuma ya banda la kuku, yamelowa kama kila asubuhi. Kwa kawaida aliyasuuza na kuyaanika huko huko, mahali ambapo mgeni angepaona tu kama angekuja kuiba mayai. Alifua mashati. Alifua sare. Alimfikiria Sankale, aliyekuwa kidato cha kwanza. Alifikiria pia njia aliyoonyeshwa, na mwisho wake: magunia yangempeleka mgeni kwenye mlango, mlango ungedai ufunguo, na ufunguo ulikuwa kati ya matiti yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni methali aliyoisikia mara nyingi bila kudhani inamhusu mfuaji.

Saa tatu na nusu alikwenda nyuma ya banda. Aliyabeba magunia yote saba kwa mkupuo mmoja, mikojo ikimlowesha hadi kwenye kanga, akapita nayo mbele ya jikoni, mbele ya ofisi, mpaka kwenye kamba ya mbele inayoelekea lango, ile ya shuka za wageni. Hakuyasuuza. Aliyaanika moja moja, akayanyoosha vizuri kila pembe, akayabana kwa vibanio vya rangi. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama Sankale, umeshikwa na nini?"

"Ndiyo nguo za leo," Nalangu alisema, akaenda kuendelea na soksi.

Hiram aliwasili pamoja na Fosiya kutoka darasani. Mtu alikuwa amempigia simu. Alikuwa anatabasamu na kuzungumza juu ya changamoto. Walipofika kwenye kamba, harufu iliwatangulia.

"Haya yanalaliwa na nani?" Fosiya aliuliza.

"Haya? Haya ni ya kuku, madam. Kuku wa kienyeji wanataka joto."

Fosiya alisogea, akalinusa gunia kama alivyonusa shuka. "Kuku hawakojoi, mkurugenzi."

Hiram alicheka peke yake, halafu akaacha.

Fosiya alifuata kwa macho matone ya mkojo mpaka nyuma ya banda la kuku. "Naomba unifungulie ile stoo iko nyuma."

"Ufunguo uko na mtu alienda Namanga. Atarudi kesho. Ama kesho kutwa."

"Nitangoja," Fosiya alisema. Akachukua kiti cha plastiki kutoka jikoni, akakiweka mbele ya mlango wa stoo, juani, akaketi. Akafungua mkoba, akatoa daftari.

"Madam, tuheshimiane. Hapa ni makao ya Mungu. Mwenyekiti wako mwenyewe ametupa alama nzuri wiki jana. Nikimpigia simu sasa hivi utarudishwa kwenu Garissa."

"Piga tu. Mwambie nimeketi hapa. Mwambie pia nimeketi kwa nini."

Hakupiga. Alisimama pale amekunja uso, akimtazama mwanamke yule kama mtu anayetazama jiwe ndani ya kiatu chake. Dakika zilipita. Kuku walipekua. Nalangu alitoka mahali pa kufulia akikausha mikono kwenye kanga. Hatua zilikuwa kama thelathini, na kwa kila hatua Hiram alimwekea macho yanayomkumbusha kodi, karo, kila kitu. Akaingiza mkono chini ya shanga, akavua uzi, akamkabidhi Fosiya ufunguo ukiwa na joto la mwili wake.

"Mwizi wewe," Hiram alisema polepole. "Nyoka."

"Ni wewe ulinipa," Nalangu alimjibu. Kisha akamgeukia Fosiya, na sauti yake ikapungua. "Mimi ndiye huwafungia. Miaka mitatu sasa."

Alingoja dharau. Alikuwa anaistahili na alijua sura yake, maana aliitumia kwa watu kila siku. Lakini Fosiya alisema tu, "Nitaandika kuwa ulitoa ufunguo, mama. Na nitaandika ulikuwa nao tangu lini. Yote mawili." Akafungua mlango.

Ndani kulikuwa na ndoo, sakafu iliyolowa, na juu kidirisha cha wavu uliochanika. Fosiya hakupiga kelele wala hakuleta mtu wa magazeti. Aliita wale saba mmoja mmoja, akaketi nao chini ya ukuta wenye kivuli, mahali ambapo Hiram aliwaona lakini hakuwasikia. Hakuuliza mtoto kama anapendwa. Wa mwisho alikuwa Seleyian, msichana wa miaka tisa kutoka Magadi, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama midomo ya watu badala ya macho. Nalangu alikuwa anaanua nguo karibu, na upepo ulimletea maneno.

"Kama hii daftari ingekuwa yako," Fosiya alikuwa anasema, "ungeandika nini?"

Msichana alifikiria sana. "Andika niko na nyanya. Daddy huambia wazungu sina mtu, lakini niko naye."

"Nimeandika. Na ingine?"

"Andika Mama Sankale hutupea leso yake tujifunike kukiwa na baridi. Anaipitisha kwa dirisha." Akatazama midomo ya Fosiya. "Andika pia ni yeye anafunga."

Nalangu aliendelea kuanua. Alianua hata vilivyokuwa bado vibichi.

Jioni hiyo Fosiya hakurudi Kajiado. Alisimamia mpaka wale saba wakatandikiwa bwenini, shuka za waridi zikatolewa sandukuni, na kila mtoto akapewa maji. Alfajiri alikuwa langoni tena. Alhamisi tena. Aliacha namba ya simu imeandikwa ukutani jikoni, chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto. Alitafuta jamaa: kati ya wale saba, watano walikuwa na watu wao hai, na hakuna aliyewahi kuulizwa. Kazi hiyo ilimchukua miezi, kijiji kwa kijiji, maana hakumrudisha mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajaketi akapaona. Hiram alizuiwa kupokea watoto wengine, akaandika barua kwa wakubwa, akaombewa kanisani kama mtu anayeteswa kwa haki, na mwishowe bodi ya makao ikamtoa. Siku hizi, watu wanasema, ana kibao kingine barabara ya Namanga. Mwenyekiti mwenye kalamu tatu bado ni mwenyekiti.

Nalangu alifukuzwa Jumanne, siku moja baada ya magunia. Alipata kufulia wapangaji wa plotini, nyumba hadi nyumba, na Sankale akakaa nje ya shule muhula mmoja. Aliposikia kesi inaandaliwa, hakungoja kuitwa. Alipanda kwenda Kajiado, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka zamu yake, akaeleza miaka mitatu mbele ya karani aliyepiga miayo, akaweka kidole kwenye wino. Fosiya alimsomea kila ukurasa kwa Kiswahili kabla hajaweka alama.

"Kuna mtu anaweza kukushtaki kwa haya, mama. Nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Na bado?"

"Wewe soma," Nalangu alisema.

Mwezi wa nane Fosiya alimtumia ujumbe kupitia kwa Burhan mwenye bucha. Seleyian alikuwa kwa nyanyake tangu mwezi wa sita, na ofisi ilikuwa inakwenda kumtazama, kama ilivyokuwa imekwenda mara mbili. Kuna nafasi moja ndani ya gari. Mtoto hakuwa amemwita, Fosiya alieleza wazi. Nyanya ndiye alisema anataka kumwona yule mama wa leso.

Waliteremka Magadi joto likiwapanda usoni kama mvuke wa sufuria. Boma la nyanya lilikuwa pembeni ya mji, mbali na nyumba za kampuni ya magadi, mahali ambapo ziwa huonekana kama chokaa iliyomwagika. Bibi kizee alitoka kwenye lango la miiba, akawatemea mate ya baraka mikononi, akawakaribisha kwa Kimaa. Fosiya aliingia. Aliangalia mahali mtoto anapolala, akauliza shule, akauliza ni nani huketi na mtoto bibi akienda sokoni.

Nalangu alibaki nje ya lango. Hakuna aliyemzuia, miguu tu ndiyo ilikuwa imesimama.

Seleyian alikuja kutoka upande wa zizi, amebeba mwanambuzi mikono yote miwili. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimwinamishia Fosiya kichwa, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, akaguswa utosini, akaitikia. Kisha akamwona Nalangu.

"Mwamkie mama," nyanya akasema.

Msichana alikuja mpaka kwenye miiba, akasimama hatua mbili, akamtazama midomo. Mkono wa Nalangu ulikuwa tayari umeinuka, kiganja wazi, ukingoja kichwa kiinamishwe. Mwanambuzi alilia, akapiga teke, na mtoto akamkumbatia zaidi.

"Usimharakishe," Nalangu alimwambia bibi kizee.

Akaushusha mkono, akatafuta jiwe lililokuwa nje ya lango, akaketi juu yake kwenye jua kali, kanga kichwani. Ndani, msichana alichuchumaa akamweka mwanambuzi chini ya mama yake, akamshikia kiwele mpaka akanyonya, na kila baada ya muda aligeuza shingo kutazama kama yule mama bado ameketi pale.